Kwanini na Dawa ya Mjomba

Jina la Kwanini alipewa na mjomba wake, fundi saa, kabla hata hajaanza shule. Alikuwa mtoto wa kukaa chini ya meza ya kazi, akiokota skrubu ndogo zilizodondoka na kuuliza. Kwa nini mshale huu ni mrefu kuliko ule? Kwa nini saa ya babu inakimbia na ya jirani inachelewa? Watu wazima wengine walimwambia anyamaze ale. Mjomba, ambaye hakujaliwa mtoto, alimjibu yote, na pale majibu yalipomwishia alisema, "Hilo silijui. Tuifungue tuone." Jina likamganda hadi ukubwani. Likamfuata hadi kazini, kwa sababu siku moja mjomba alipiga simu ya ofisini akimuulizia "Kwanini wangu", na tangu hapo hata profesa, mkuu wake wa kazi, akalisahau jina lake la kwenye vyeti.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchunguza mimea. Maabara ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la chuo, mwisho wa korido iliyokuwa ikinuka spiriti na chai iliyochemka kupita kiasi. Watu wengi wenye saratani, mbali na matibabu ya hospitali, hutumia majani, magome, mizizi na viungo vya jikoni, na kila mtaa una hadithi ya mtu aliyepona hivyo. Kina Kwanini walitaka kujua kama ndani ya hadithi hizo kuna kitu. Walikausha, wakasaga, wakaloweka, wakachuja. Kisha matone ya kile kilichochujwa yalitiwa kwenye visahani vya plastiki, ambamo seli za saratani zilifugwa ndani ya maji ya rangi ya waridi, kwenye kabati lenye joto kama la mwili wa mtu. Mimea mingi haikufanya lolote. Seli ziliendelea kustawi kama mgeni aliyekaribishwa vizuri na hana haraka ya kuondoka.

Mmoja tu ndio uliowashtua. Kilikuwa kichaka cha kawaida cha kando ya barabara, chenye majani ya kijivu yenye manyoya laini na uchungu wa kukunja uso. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na jina lake la kukiita, pale maabara wakakiita Kijivu, basi. Asubuhi moja Kwanini alipochungulia kwenye hadubini alikuta seli, ambazo jana yake zilikuwa zimejishika chini ya kisahani kama vigae, zimejikunja, zimeachia, zinaelea ovyo. Akarudia jaribio. Akampa mwenzake alifanye bila kumwambia kisahani kipi kina nini. Jibu likawa lile lile.

Habari haikukaa ndani. Mtangazaji wa kipindi cha afya cha redio alikuja na kinasa sauti chake, na Kwanini akajitahidi kueleza kwa makini. Alisema haya ni mambo ya kwenye kisahani, mwilini ni habari nyingine. Alisema hata sabuni ya kufulia ukiitia kwenye kisahani itaua seli za saratani, na hakuna mtu anayeinywa. Mtangazaji aliitikia kwa kichwa muda wote. Kipindi kiliporuka hewani, maneno ya sabuni yalikuwa yamekatwa na mahali pake pametiwa chumvi. Kilichobaki ni sauti ya Kwanini ikisema majani yanaua saratani. Haukupita muda, vichaka vya Kijivu kando ya barabara ya chuo vikaanza kubaki vijiti vitupu.

Wakati huo mjomba wake alikuwa na saratani ya damu.

Ilikuwa ya aina ile inayokwenda polepole. Alikuwa amepewa vidonge vya kumeza kila siku, na vidonge vilimkubali. Alirudi kwenye meza yake, sebuleni kwake, akifungua saa za watu huku lenzi ameibana jichoni. Meza ya pili, iliyotazamana na yake, ilikuwa ya mkewe, yaani mkaza mjomba wa Kwanini, mshonaji wa mapazia, na mle ndani mlikuwa na mapazia mazuri kuliko nyumba yoyote ya mtaa ule. Wawili hao walikuwa wakifanya kazi hivyo miaka yote, huyu na kibano, huyu na cherehani, wakirushiana maneno juu ya vichwa vya saa zilizolala wazi.

Kisha mambo yakaanza kwenda kombo. Mjomba alichoka kwa namna ambayo usingizi haukuiondoa. Miguu ilivimba hadi viatu vikagoma. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Kwanini alipompeleka kliniki, daktari wa damu alikuta vipimo vya ini vimepanda vibaya.

"Mzee," daktari aliuliza, "unatumia mitishamba yoyote?"

"Hapana," mjomba alisema, na macho yake yakaenda kwenye feni ya darini.

Kwanini aliyaona macho yale yakipanda. Daktari naye labda aliyaona, lakini foleni nje ilikuwa imejaa benchi zote mbili. Alisema vidonge visimame kwanza, damu ipimwe tena, na sababu itafutwe. "Isipopatikana, itabidi nimbadilishie dawa," alimwambia Kwanini pembeni. "Na sitaki kumbadilishia. Hii ilikuwa inamfaa kabisa."

Njiani kurudi nyumbani Kwanini alikuwa akiwaza kipindi cha redio, na mjomba wake ambaye hakukosa kusikiliza kipindi chochote alichotajwa mpwa wake. Walipofika hakuingia ndani. Alizunguka nyumba moja kwa moja hadi uani, na pale, kati ya ndoo ya maji na kamba ya nguo, akaona chungu cha maua. Ndani yake kilistawi kichaka kidogo cha majani ya kijivu.

"Mjomba," aliita. "Hiki ni nini?"

Mjomba alikuja akiburuza ndala. Akakitazama kichaka kama mtu aliyekutana na mkopeshaji sokoni. "Hilo ni ua."

"Mjomba."

"Sawa. Ni lile la kwako." Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. "Nilichemsha kikombe kimoja. Kimoja tu, Kwanini. Sikufika nusu yake. Kilirudi chote, na kikarudi na chai ya asubuhi. Tangu siku hiyo nalimwagilia maji tu kwa sababu wewe ndiye uliyelisema."

"Na kwa daktari ulisema hapana."

"Aliuliza kama natumia. Situmii."

Kwanini hakujua acheke au akasirike. Alimgeukia mkaza mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni na utepe wa kupimia ukiwa umening'inia shingoni. "Ni kweli, mama?"

"Ni kweli," mkaza mjomba alisema. "Mimi ndiye niliyepiga deki."

Kikombe kimoja kilichotapikwa hakiwezi kuvimbisha miguu ya mtu miezi baadaye. Hofu ikalegea kidogo, na mahali pake pakaingia kile kitu alichokuwa nacho tangu utotoni chini ya meza. Kama si Kijivu, ni nini?

Aliomba ruhusa ya kutazama jikoni. Mkaza mjomba alimruhusu kwa mdomo, ila uso ulikataa.

"Umekuja kunipekua kama polisi?"

"Natafuta tu, mama, sipekui."

"Tofauti yake ni nini?"

"Polisi anajua anachokitafuta."

Jibu hilo lilimpendeza mkaza mjomba kidogo, akaanza mwenyewe kufungua makabati. Kila kitu kikawekwa mezani. Kulikuwa na manjano ya unga, tangawizi mbichi, vitunguu saumu, chupa ya asali iliyoganda, mdalasini, mbegu za maboga zilizokaangwa. Kwanini alishika kimoja kimoja, akauliza kinatumikaje, kiasi gani, na chakula gani. Manjano yalikuwa ya kwenye mchuzi, kijiko kisichojaa. Hayo hayakumtisha. Tangawizi ilikuwa ya chai. Nyuma kabisa ya kabati kikatoka kikopo cha vidonge vya majani ya chai ya kijani vilivyokamuliwa na kukaushwa, zawadi ya jirani aliyesikia kwamba vinasafisha damu.

"Hivi anameza?"

"Akikumbuka. Hakumbuki."

Kwanini alikiweka kikopo kando. Chai ya kawaida ni chai, lakini ikikamuliwa ikawa kidonge kikali, kuna watu ini limewakataa. Huenda ndicho. Ila mtu anayemeza akikumbuka, na hakumbuki? Alijikuna kichwa. Alikuwa ametafuta kila kilichokuwa kichungu, kila kilichokuwa na harufu, kila kilichokuwa na jina la dawa, na mezani hakuona kitu cha kumwangusha mtu aliyekuwa akiendelea vizuri.

"Kaa unywe kitu," mkaza mjomba alisema. "Utatafutaje na koo kavu?"

Alimmiminia juisi ya baridi kutoka kwenye jagi la friji. Kwanini alikunywa mafunda mawili makubwa, maana kweli alikuwa na kiu. Ilikuwa tamu, kisha chachu, kisha nyuma ya ulimi ikaacha uchungu mwembamba. Funda la tatu lilibaki mdomoni.

Akalimeza polepole. "Mama, hii ni juisi ya nini?"

"Ya machungwa."

"Machungwa matupu?"

"Machungwa na balungi. Balungi zaidi kusema kweli. Yule jirani wa kona mti wake unazaa hadi matunda yanaozea chini, basi ananiletea kikapu. Mjomba wako alikuwa ameacha kula, unakumbuka? Kidonge kinamwachia ladha ya chuma mdomoni. Hii ndiyo iliyomrudishia hamu. Kila asubuhi namkamulia glasi anamezea dawa."

"Anamezea dawa," Kwanini alirudia.

"Sasa amezee nini, chai ya moto?"

Kwanini aliiweka glasi mezani taratibu, kana kwamba ingeweza kulipuka. Somo la balungi alilijua. Alilisoma chuoni, akalifanyia mtihani, akalifaulu, na bado alikuwa amepita mbele ya friji ile zaidi ya mara moja akitafuta majani.

"Mjomba, njoo ukae," aliita. "Mama, na wewe kaa."

Aliwaeleza hivi. Ndani ya utumbo kuna kitu, wataalamu hukiita kimeng'enya, ambacho kazi yake ni kuvunjavunja vitu vigeni kabla havijaingia kwenye damu. Dawa nazo ni vitu vigeni. Waliotengeneza kile kidonge walijua kwamba sehemu kubwa yake itavunjwa njiani, wakapima dozi wakiijumlisha hasara hiyo. Sasa balungi linakifunga mikono kimeng'enya kile. Dawa inapita bila kuguswa. Mtu amemeza kidonge kimoja, na damu inapokea kama amemeza viwili au vitatu. Si dawa zote zinazofanya hivyo, lakini baadhi ya dawa za aina ya ile ya mjomba hufanya.

"Na machungwa?" mjomba aliuliza.

"Machungwa ya kawaida ya kula hayana neno."

"Ajabu hiyo. Ni ndugu kabisa." Alikuwa ameinama mbele, viwiko mezani, uchovu wote umemtoka usoni. "Na kikishafungwa mikono kinafungwa kwa muda gani? Ningekunywa juisi asubuhi na kidonge jioni?"

"Bado ingekudhuru. Kilichofungwa hakifunguki. Mwili unasubiri utengeneze kingine, na hiyo inachukua siku kadhaa."

"Kwa hiyo dawa ile ile ndiyo iliyoniponya na ndiyo iliyonivimbisha. Ilizidi tu."

"Nadhani. Sijathibitisha."

Walikuwa wamezama hivyo, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, hata hawakuona mkaza mjomba alipoinuka. Walisikia maji. Alikuwa amesimama kwenye sinki, ameinamisha jagi, na juisi yote ilikuwa ikienda na bomba.

"Ni mimi," alisema akiwa amewapa mgongo. "Nimekaa hapa nikiogopa kichaka cha uani, nikiogopa jirani na vidonge vyake, na ni mimi niliyekuwa nikimkamulia kila asubuhi. Tunda. Tunda tu, Kwanini. Nani anaogopa tunda?"

Mjomba ndiye aliyeinuka, kwa shida, akaegemea kabati kando ya mkewe.

"Nilikuwa sili," alimwambia. "Umesahau nilivyokuwa sili? Nilikuwa nikiutazama mkate kama unanidai. Wewe umenirudisha mezani. Bila hiyo juisi ningekuwa nimekufa kwa njaa, dawa ikiwa tumboni."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Nakukumbusha."

Mkaza mjomba alifuta jagi kwa muda mrefu kuliko jagi lilivyohitaji. "Mbona hawakutuambia?" aliuliza hatimaye.

Mjomba alisema, kwa sauti ya chini, "Walituambia, nafikiri. Yule mfamasia wa siku ya kwanza alisema mambo mengi. Alitaja matunda, sasa nakumbuka, alitaja na maziwa, na jua. Ila siku ile mimi nilisikia neno moja tu, saratani. Baada ya hapo nilimwona anasogeza midomo."

"Na mimi nilikuwa nikikutazama wewe," mkewe alisema.

Kesho yake Kwanini alirudi hospitali na habari yote, pamoja na kikopo cha jirani. Mfamasia, mwanamke mrefu mwenye miwani aliyoipandisha utosini, alisikiliza hadi mwisho kisha akafumba macho kidogo. "Balungi," alisema. "Kila mgonjwa namwambia. Lakini namwambia siku mbaya kuliko zote, ndiyo hiyo tu niliyonayo." Daktari wa damu naye hakujitetea. Alisema yeye aliuliza mitishamba, akajibiwa mitishamba, na hakuna mtu anayehesabu kifungua kinywa kuwa mitishamba. Aliagiza juisi ikome, kikopo nacho kikome, wasubiri ini litulie, kisha vidonge virudi kwa dozi ndogo na damu ipimwe mara kwa mara.

Kusubiri huko hakukuwa kwepesi. Bila vidonge, saratani nayo ilikuwa huru, na wote watatu walilijua hilo bila kulisema. Mkaza mjomba aliacha kushona, akawa anafungua friji na kuifunga. Hakujua tena ampe mumewe nini. Kila alichokishika alimpigia simu Kwanini. Parachichi? Sawa. Samaki? Sawa. Chai ya tangawizi? Sawa kabisa, kwa kiasi cha kikombe, na kuna watafiti walioona inawatuliza baadhi ya wagonjwa kichefuchefu. Hilo la tangawizi lilimpa kazi mpya. Alijaribu nyembamba, akajaribu nzito, akajaribu na limau, hadi mjomba akasema sasa anatokwa na jasho la chai.

Vipimo vilianza kushuka. Miguu ikaingia tena kwenye viatu. Vidonge viliporudi, vilimezwa kwa maji matupu, mkaza mjomba amesimama pale pale hadi glasi iishe.

Mjomba alipopata nguvu alitaka kuona hizo seli alizokuwa akizisikia redioni. Kwanini alimpeleka maabara, akamvalisha koti jeupe lililomfika magotini, akamkalisha mbele ya hadubini. Hakuhitaji kufundishwa kurekebisha lenzi. Alitazama muda mrefu, mdomo wazi kidogo.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo. Si zako. Ni za mtu aliyekufa zamani, zikatunzwa na kuzalishwa."

"Mbona nzuri hivi," mjomba alisema, na sauti yake haikuwa ya utani. Kisha akauliza, jicho bado kwenye lenzi, "Lakini mpwa wangu, umeniondolea juisi na ile chai ya kidonge kwa mpigo mmoja. Utajuaje ni ipi iliyonifanya vile? Mimi nikitengeneza saa natoa kitu kimoja, nasikiliza, natoa kingine."

"Sitajua kwa hakika. Nadhani ni balungi, karibu lote. Lakini siwezi kuapa."

"Basi ninywe juisi peke yake wiki moja, tuone. Dawa ninayo, balungi lipo."

"Hapana, mjomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe si kisahani."

Mjomba aliinua kichwa, akamtazama. Akacheka kimyakimya hadi mabega yakatikisika, kisha akarudi kwenye lenzi.

Lakini swali lake lilikuwa limeshamchimba Kwanini. Alikuwa ametumia muda mrefu kuuliza kama Kijivu kinaua seli, na hakuwahi kuuliza kinafanya nini kikikutana na kidonge njiani. Watu hawakuwa wakikichemsha peke yake. Walikuwa wakikinywa juu ya matibabu, kama mjomba na glasi yake, wakidhani wamejiongezea nguvu. Alipomweleza profesa, profesa alivuta pumzi ndefu, maana makala yao kuhusu Kijivu ilikuwa karibu kupelekwa kwenye jarida. "Ukitafuta, utakipata kitu," alimwonya. "Na ukikipata, itabidi tukiandike." Akaisukuma rasimu ya makala pembeni. "Basi tafuta."

Jaribio lenyewe halikuwa la kutisha macho. Vichupa vidogo, kila kimoja na kimeng'enya kile kinachovunja dawa, na dawa yenyewe. Kimoja akakitia maji, kimoja juisi ya balungi, kimoja maji ya Kijivu. Mashine ikapima dawa iliyobaki kila kichupa. Kwenye maji, dawa ilikuwa imevunjwavunjwa ipasavyo. Kwenye balungi, ilibaki nyingi. Kwenye Kijivu ilibaki karibu yote.

Kwanini alirudia, kama kawaida yake, na alikuwa akiomba ajibiwe tofauti. Hakujibiwa tofauti. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, mikono mapajani, akisikiliza friza zikinguruma. Aliona uchungu, ndiyo, uchungu wa mtu aliyelea kitu akakipenda. Lakini chini ya uchungu huo kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikimtekenya. Jani moja, kazi mbili. Je, ni kitu kile kile ndani ya jani kinachofanya zote mbili, au ni viwili vinavyoweza kutenganishwa? Akavuta glavu mpya.

Redioni alirudi kwa sharti moja, kipindi kiende moja kwa moja bila kukatwa. Mtangazaji alikubali huku amenuna. Kwanini alieleza balungi na dawa, kisha akaeleza Kijivu, bila kupamba. Aliyekuwa kwenye vidonge asikiguse mpaka amwambie daktari wake. Simu zikaingia. Mwanamume mmoja aliuliza kama basi Kijivu ni sumu.

"Sijui bado," Kwanini alijibu.

"Lakini wewe ndiye uliyesema kinaua saratani."

"Nilisema kwenye kisahani. Kwenye kisahani bado kinaua. Mwilini mwa mtu sijui kinafanya nini, na mtu mwingine yeyote anayekuambia anajua, muulize amejuaje."

Walipotoka studio mtangazaji alimwambia kwamba wasikilizaji hawapendi "sijui". Kwanini alimwambia kwamba hata yeye haipendi, ndiyo maana huenda kazini kila siku.

Siku ya kliniki iliyofuata alimsindikiza mjomba, na mkaza mjomba akaja pia, na thermosi yake ya tangawizi. Benchi zilikuwa zimejaa. Mjomba aliingia kwa daktari, wao wakabaki nje. Mkaza mjomba hakuwa mtu wa kukaa kimya kando ya watu. Alimgeukia mwanamke aliyekuwa jirani yake, mama wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani na kushika mkoba mkubwa magotini.

"Mwenzangu," alimwambia, "samahani kwa kuuliza. Asubuhi unamezea dawa kwa kitu gani?"

Mama yule alishtuka. "Kwa maji."

"Maji matupu? Mimi nilikuwa nikimpa wangu juisi, nikamvimbisha miguu kwa mikono yangu mwenyewe. Wala si dawa, ni tunda." Akamsimulia yote, hadi jagi na sinki, bila kujificha popote.

Mama yule alisikiliza. Alitazama mlango wa daktari, akatazama huku na huku, kisha akafungua zipu ya mkoba na kutoa chupa ya plastiki iliyofungwa kwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na maji ya rangi ya kutu.

"Mara iliyopita daktari aliniuliza mitishamba nikasema situmii," alisema. "Hii nilikuwa nadhani ni supu tu. Ni mizizi, shemeji yangu ndiye anayeichemsha."

"Mpwa wangu huyu anafanya kazi hiyo," mkaza mjomba alisema, akimwonyesha Kwanini kwa kidevu.

Kwanini aliipokea chupa, akafungua kizibo, akanusa. Akanusa tena. Ilikuwa na harufu ya udongo uliolowa, na ndani yake harufu kali kidogo aliyoitafuta kichwani asiione. Mizizi mingi alikuwa ameishika mikononi mwake, lakini huu hakuufahamu hata kidogo.

"Huu ni mzizi gani, mama?"

"Nisikudanganye, sijui unaitwaje. Naujua unavyofanana."

"Nielezee basi. Na shemeji anauchemshaje, tangu mwanzo? Halafu tukiingia kwa daktari tunaingia nayo, mimi na wewe."

Mama yule akauweka mkoba chini, na akasogea ili Kwanini apate pa kukaa.